Kiko Kiko Wapi? Jiwe la Sinya na Kiwanda cha Arusha

Ndugu zangu wa chama, wengi wetu tukienda kwenye masoko ya mitumba ya Jumapili hapa Uingereza tunatafuta sufuria, baiskeli na makoti ya baridi. Meza zenye vyombo vya wazee waliokwisha kufa, yaani saa zilizosimama, medali za vita na visanduku vya viko, hatuzisogelei. Lakini simama kidogo kwenye meza ya viko. Katikati ya viko vyepesi vya mti utakuta mara kwa mara kimoja kilicho tofauti: kizito kidogo, cha rangi ya kahawia iliyoungua au manjano yenye mabaka, pengine kimevikwa ngozi, nacho kina picha ndogo ya tembo na neno moja, KIKO. Muuzaji atakwambia hilo ni jina la kampuni. Pengine atalitamka kama jina la Kijapani.

Sisi tunaojua Kiswahili tunasoma kitu kingine kabisa. Ni kama kuona sufuria iliyopigwa muhuri SUFURIA. Nani aliyeandika neno hilo juu ya kiko, wapi, na kwa ajili ya mteja gani?

Jibu fupi ni Arusha, miaka ya 1950. Jibu refu ndilo makala haya. Nadai kwamba kiko hiki ni kimojawapo cha vitu vichache vilivyotoka Tanganyika ya wakati wa ukoloni vikiwa vimekwisha kutengenezwa, si malighafi, tena vikiwa na jina la Kiswahili lisilofichwa. Na kwamba historia yake leo imeshikwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kwa sababu moja tu, kwamba wao waliiulizia na sisi hatukuiulizia. Niseme mapema kwamba mimi sivuti, wala simshawishi mtu avute. Tumbaku inaua. Ninavitunza viko kama jamaa zetu wa Muskat wanavyotunza majambia: hakuna anayekusudia kumchoma mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na ndani yake alieleza kiko cha watu wa pwani kiungo kwa kiungo. Mahali pa kutia tumbaku na moto paliitwa bori. Kutoka kwenye bori ulishuka mti ulioitwa digali, ukaingia ndani ya chombo kidogo cha maji. Kutoka kwenye chombo hicho ulipanda mti mwingine, shilamu, ukaenda mdomoni. Na ile sauti ya maji yanayobubujika mtu anapovuta iliitwa malio ya kiko. Kiko chenyewe hasa, katika maelezo hayo, ni kile chombo cha maji. Vingine vyote ni viungo vyake.

Napenda mpangilio huo wa maneno kwa sababu unaonyesha chombo kilichozoewa hata kila kipande kikapewa jina, hata sauti yake. Chombo cha maji kilikuwa aghalabu kifuu cha nazi au kibuyu. Hapo pwani yetu inaungana na ng'ambo ya bahari: Waajemi waliita nazi nargil, na chombo chao cha kuvutia tumbaku kupitia maji kikaitwa nargile, yaani kwa asili ni kitu cha nazi. Bahari moja, kifuu kimoja.

Tumbaku yenyewe haikuwa ya kwetu wala ya Waajemi. Ilitoka Amerika, ikaenezwa na meli za Wareno na wengine waliowafuata, na kufika karne ya 19 ilikuwa imelimwa bara kwa muda mrefu hata watu wakaiona kuwa ya asili. Tumbaku ya Usambara ilijulikana na kuuzwa hadi pwani. Wengine waliinusa ikawa ugoro, wengine waliitafuna, wengine waliivuta kwa bori la udongo. Wanawake nao walivuta. Ile picha ya kiko kama chombo cha mwanamume mwenye ndevu na kiti cha ngozi ilikuja baadaye, ndani ya mizigo ya watu wengine.

Alipokuja bwana shauri na kiko chake kikavu, kisicho na maji, Kiswahili hakikuhitaji neno jipya. Kiko cha Mzungu nacho kikaitwa kiko, wakati mwingine mtemba. Lakini neno lilipohamia kwenye chombo kipya lilikwenda peke yake, likaacha jamaa zake nyuma. Bori, digali na shilamu vimebaki katika kamusi. Leo ukimwomba kijana wa Temeke akuletee shilamu, atakuuliza huyo Shilamu anakaa mtaa gani. Na kuna kichekesho ndani yake: vijana wa umri wetu wanaokaa Edgware Road usiku mbele ya shisha wanasikia malio ya kiko kila Ijumaa bila kujua kwamba sauti ile ina jina kwa lugha yao. Tanzania ilipiga shisha marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017, na sikumbuki kusikia mtu hata mmoja katika mabishano yale akisema kwamba chombo kinachofanana nacho kiliwahi kuwa cha bibi zetu.

Sasa tuende kwenye jiwe.

Kuna jiwe jeupe, laini, jepesi hata likikauka huweza kuelea juu ya maji. Wajerumani waliliita povu la bahari, na jina lao, ambalo kwa matamshi yetu tunaweza kuliita mershamu, likashika katika lugha nyingi za Ulaya. Wataalamu wa miamba huliita sepiolaiti. Ni madini ya magnesi na silika yenye matundu madogo mno yasiyoonekana kwa jicho. Matundu hayo ndiyo siri yake. Kiko cha mershamu hunywa unyevu na mafuta ya tumbaku, moshi ukafika mdomoni ukiwa mkavu na wa baridi. Likiwa limetoka ardhini bichi, lina majimaji, hukatwa kwa kisu kama sabuni. Likikauka hushika ugumu. Kwa miaka mingi makao yake makuu yalikuwa Eskişehir, Uturuki. Kutoka huko mabonge yalipelekwa Vienna, ambako katika karne ya 19 mafundi waliyachonga vichwa vya masultani, farasi na wanawake wenye kofia za maua.

Wachache wanajua kwamba jiwe hilo lipo pia chini ya Kilimanjaro. Bonde la Amboseli ni kitanda cha ziwa la kale ambalo kwa sehemu kubwa limekauka. Katika udongo wa ziwa hilo, maji yenye chumvichumvi na madini kutoka kwenye volkano yaliacha tabaka za sepiolaiti. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani kwa rula mwishoni mwa karne ya 19 unapita katikati ya nchi hiyo ya Wamaasai: upande wa kaskazini Kenya, upande wa kusini Sinya, ambayo leo iko katika Wilaya ya Longido, Mkoa wa Arusha. Ng'ombe na tembo hawakuwahi kuuona mstari huo. Jiwe nalo liko pande zote mbili.

Huko Sinya ndiko yalikochimbwa mashimo ya wazi, na jiwe likapelekwa Arusha mjini kwenye kiwanda cha kampuni iliyojiita Tanganyika Meerschaum Corporation. Baadaye jina likawa Kilimanjaro Pipe Company, na kazi ikafanyika Arusha na Nairobi. Kampuni ilitoa viko vya majina mbalimbali. Kimoja kiliitwa Kilimanjaro. Kingine kilipewa jina la Kiingereza, Countryman, bila shaka kwa ajili ya yule bwana wa mashambani mwenye mbwa na bunduki. Lakini jina lililotangulia mengine yote kwa umaarufu lilikuwa Kiko, na nembo yake tembo.

Hebu fikirini uamuzi huo. Mwenye kampuni anataka kumwuzia Mwingereza au Mmarekani kiko. Angeweza kukiita jina la Kiingereza, kama alivyofanya kwa vingine. Badala yake alichukua neno ambalo fundi wake wa kuchonga alilitumia pale kiwandani kila siku, akalipiga muhuri. Sidhani alifanya hivyo kwa kuiheshimu lugha. Alijua kwamba neno geni na tembo mdogo huuza. Mnunuzi anapata harufu ya safari bila kupanda meli. Hata hivyo matokeo ni yaleyale: neno la Kiswahili lilikaa katika mifuko ya makoti ya watu wasiojua hata kwamba Kiswahili kipo, likagusa midomo yao asubuhi na jioni.

Ukikipata kimoja, kigeuze ukisome. Kama kimeandikwa kwamba kimetengenezwa Tanganyika, umeshika kitu kilichotoka kabla ya jina Tanzania kuanza kutumika mwaka 1964, yaani huenda kilichongwa chini ya gavana, au katika ile miaka michache baada ya Desemba 9, 1961. Kama kimeandikwa Tanzania, ni cha baadaye. Nina viwili vya namna hiyo, kimoja cha kila jina, na huviweka bega kwa bega. Umbo ni lilelile, ngozi ileile, mshono uleule. Nchi ilibadilisha bendera, wimbo na jina, na mkono wa fundi haukutetereka. Mwanahistoria akiniambia uhuru ulikuwa mpasuko mkubwa nitakubali, lakini nitamwonyesha viko hivi viwili kwanza.

Wakusanyaji wana maneno yao kuhusu mershamu ya Afrika. Husema ni duni kuliko ya Uturuki: nzito zaidi, ngumu zaidi, ya rangi ya kijivu badala ya nyeupe, haibadiliki rangi vizuri. Katika hayo yapo ya kweli. Jiwe la Amboseli ni gumu na zito kuliko la Eskişehir, na weupe wake si safi; ndiyo maana viko vingi vya Arusha vilipakwa rangi ya kahawia, nyeusi au ya asali, au vikavishwa ngozi. Lile jambo ambalo mvutaji wa mershamu hulisubiri kwa miaka, yaani jiwe jeupe kuiva polepole likawa la manjano, kisha la rangi ya chai, kisha la kahawia ya damu ya mzee, halionekani sana chini ya rangi.

Lakini neno "duni" linapima kwa mizani ya nani? Mershamu ya Uturuki ilichongwa iwe pambo, na pambo likianguka sakafuni limekwisha. Kiko cha Arusha kilitengenezwa kwa mtu anayekwenda kuvua samaki au kulima bustani. Ugumu wake ndio uliokifanya kistahimili mfuko wa koti. Ndiyo maana jiwe hilohilo lilitumika pia kuviringishia ndani ya viko vya mti, likawa kama kikombe cha jiwe ndani ya ganda la mti, ili mti usiungue. Jiwe likifanya kazi yake kwa miaka 60 na bado likavutika, mimi siliiti duni. Naliita jembe.

Na hapa ndipo hadithi inapouma kidogo. Katika miaka ya 1970 Uturuki ilipiga marufuku kusafirisha mabonge ya mershamu yasiyochongwa. Waliona kwamba faida yote iko kwenye kisu, si kwenye shimo, wakaamua kisu kibaki Eskişehir. Na mpaka leo wachongaji wapo pale, wanajulikana kwa majina, wanatia saini kazi zao. Sisi tulianza mahali pazuri kuliko wao. Kiwanda kilikuwa Arusha tangu mwanzo. Kiko kilitoka kikiwa kiko. Ila sambamba na hilo jiwe letu lilisafiri pia likiwa halijachongwa. Katika kisiwa cha Man, kwenye Bahari ya Ireland, kuna kijiji kiitwacho Laxey, ambacho watalii wanakijua kwa gurudumu lake kubwa la maji la mwaka 1854. Pale palikuwa na kiwanda cha viko kilichochonga mershamu iliyoletwa kutoka Tanzania, na viko vyake vikauzwa kama bidhaa ya kisiwa hicho. Jiwe la Sinya likavuka bahari mbili likapewa uraia mpya. Nimeona matangazo ya mnada yanayokisifu kiko cha Laxey kwa "ufundi wa kisiwani" na, mstari wa chini, yakikitaja cha Arusha kama kitu cha watalii. Jiwe ni moja.

Miaka ya 1977 hadi 1983 mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Biashara yoyote yenye mguu mmoja Arusha na mwingine Nairobi ilipaswa kuchagua mguu wa kusimamia. Na huku Ulaya wavuta kiko wenyewe walikuwa wanapungua. Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza mara mbili katika miaka ya 1960 na 1970, alionekana na kiko mdomoni kila mahali. Baada yake jaribu kumtaja mwanasiasa mmoja tu. Kufika Julai 1, 2007, uvutaji ulipopigwa marufuku ndani ya majengo ya umma Uingereza, hakukuwa na viko vingi vya kutoa nje.

Nimesema kiko kilivutwa, lakini kilivutwa na tumbaku gani? Swali hili lina utamu wake, kwa sababu jibu linarudi nyumbani kwa njia isiyotarajiwa. Wavuta kiko wa Kiingereza walipenda mchanganyiko wa majani ya aina tatu. Msingi wake ni Virginia, jani lenye utamu wa asili, ambalo hukaushwa kwa joto la bomba bila moshi kuligusa. Juu yake huwekwa majani madogo yenye harufu kali kutoka nchi za Mashariki ya Kati na Ugiriki. Kisha huja Latakia, jina la bandari ya Syria, jani jeusi lililofukizwa juu ya moshi wa kuni kwa muda mrefu, ambalo baadaye lilitengenezwa zaidi Cyprus. Latakia hunukia kama nguo iliyokaa jikoni kwa kuni. Mwenzangu mmoja wa chumba alipofungua kopo langu la zamani (nililinunua kwa ajili ya picha iliyo juu yake, si kwa tumbaku) alisema, "Hii harufu ya kwa bibi Njombe." Hakukosea sana. Wamarekani wana mambo yao: jani la Burley lisilo na utamu, linalokunywa asali na vanila likatiwa, na Perique ya Louisiana, inayoshindiliwa ndani ya mapipa mpaka ichachuke na kunukia matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Sasa angalieni ramani yetu. Tumbaku ya mvuke, kama wakulima wetu wanavyoiita Virginia, ndiyo zao la Tabora na Urambo. Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ambako Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni kulima karanga kuanzia 1947; mpango ukaanguka vibaya na kuachwa mwaka 1951, na ardhi ile ya karanga ikageuzwa ya tumbaku. Kule Songea nako kulikuwa na tumbaku ya moshi, jani zito jeusi la kukaushwa juu ya moto, na wakulima wake walikuwa na chama cha ushirika, Ngoni-Matengo, tangu mwaka 1936. Mabani ya kukaushia bado yanaonekana barabarani, na misitu ya miombo iliyoliwa na mabani hayo haionekani tena.

Kwa hiyo katika miaka ya 1950 nchi moja ilikuwa na jiwe la kiko Sinya, mafundi Arusha, Virginia Urambo na tumbaku ya moshi Songea. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtu wa kuvikutanisha. Mitumba ya tumbaku ilikwenda zake, viko vikaenda zake, na vilikutana ndani ya mfuko wa mtu wa Leeds. Hata mti ungekuwepo: braya, mzizi ambao viko vya kawaida vya Ulaya vimechongwa kutokana nao tangu mafundi wa Saint-Claude, Ufaransa, walipoanza kuutumia katikati ya karne ya 19, ni wa kichaka ambacho wataalamu wa mimea wanakiita Erica arborea. Kichaka hicho humea kando ya Mediterania, na pia juu ya milima ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro ukiwemo, pale msitu mnene unapoishia. Sisemi watu waende kukikata, ni hifadhi ya taifa. Nasema tu kwamba anayepanda mlima huo hupita katikati ya viko bila kujua.

Baadhi yenu mliniuliza kwenye kikao cha mwezi uliopita jinsi ya kutunza kiko cha namna hii, kwa sababu mmoja wetu amekipata kimoja kwa pauni 6. Basi nieleze ninavyofanya, maana mershamu haitunzwi kama mti, na maelezo mengi yanayopatikana ni ya mti.

Kiko cha braya huachwa kijenge ukoko ndani, tabaka jeusi la masizi magumu, kwa sababu ukoko huo huulinda mti usiungue. Mwenye kiko huuacha ufikie unene wa sarafu nyembamba, ukizidi huukwangua. Mershamu haihitaji ukoko, na kwa kweli ukoko ni adui yake: ukipata joto hutanuka kuliko jiwe, na jiwe hupasuka. Kwa hiyo ukikuta kiko cha Arusha kimejaa masizi, usifurahi ukadhani ni alama ya umri. Kwangua polepole kwa kisu butu au msasa laini uliozungushwa kidoleni, kidogo leo, kidogo kesho. Usikiloweke majini hata kidogo, mershamu iliyolowa hulainika. Usizungushe bomba la mdomo kikiwa cha moto. Hapo ndipo viko vingi hukatika shingo. Wavutaji wa mershamu huwa hawashiki bori kwa vidole vitupu likiwa na joto, kwa sababu jasho na mafuta ya mkono huacha alama katika nta.

Nta ndiyo jambo lenyewe. Kiko cha mershamu hukamilishwa kwa kuchovywa katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa, na nta hiyo ikiisha, jiwe huwa kama midomo ya Januari. Mimi hukipasha kiko joto la hewa ya mashine ya kukaushia nywele, napaka nta nyembamba, naiacha inywewe, kisha nasugua kwa kitambaa. Kwenye kiko kilichovikwa ngozi, nta haipandi juu ya ngozi: hapo ni tone moja la mafuta ya kulainishia ngozi, na kitambaa kikavu. Mabomba ya zamani ya mdomo, yale ya mpira mgumu mweusi, hugeuka rangi ya kinyesi cha mbuzi yakikaa juani. Yasugue kwa dawa ya meno, kisha yaweke gizani. Vyangu vinalala ndani ya kisanduku cha viatu, kila kimoja kimefungwa kipande cha kanga. Kanga hainyonyi nta, tena huwa ninajua kipi ni kipi kwa ua lake bila kufungua.

Unapokaa na kiko hivyo, kitambaa mkononi, ndipo unaanza kumwona aliyekitengeneza. Kwenye kimoja changu, chini ya bori, ngozi imeunganishwa kwa mshono wa mkono, na mishono minne ya mwisho imebanana kuliko mingine, kama mtu aliyeona ngozi haitoshi akaivuta. Kwenye kingine tundu la moshi limetoboka upande kidogo, si katikati, na mtu amelirekebisha kwa ncha ya kisu. Alama za kisu zipo, tatu, zote zimeelekea upande mmoja. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu wafanyakazi wa kiwanda kile: mmoja aliishiwa ngozi, mmoja alikuwa na shoto.

Wakusanyaji wa huku wameorodhesha nembo, maumbo na namba za viko vya Arusha kwa bidii ambayo lazima tuwashukuru. Jina la mchongaji hata mmoja hawana, wala hawakuwa na njia ya kulipata, kwa sababu hawajui kumwamkia mzee wa Ngarenaro na kukaa naye mpaka chai ipoe. Sisi tunajua. Kijana wa miaka 20 aliyeajiriwa kiwandani mwaka 1960 leo amepita miaka 80. Wapo wachache bado, au wapo wajane wao na watoto waliocheza na vipande vya jiwe jeupe vilivyoletwa nyumbani mfukoni. Wengi wetu tunarudi likizo mwezi wa Julai, na miongoni mwetu wapo wa Arusha, Moshi, Namanga na Longido. Viko vyangu viwili vitakuwa kwenye meza ya chama mpaka mwisho wa muhula. Vipigeni picha za simu, nembo ya tembo ionekane, mwende nazo. Na mkimpata mzee, msianze kwa kumwuliza habari za kampuni. Mwulizeni mahali pa kutia tumbaku panaitwaje.